Lita Zilizobaki Upande wa Kulia

Ukikaa Nairobi muda wa kutosha utaliona tu. Mtu wa boda anazimikiwa kando ya Jogoo Road, abiria anashuka akisonya, na badala ya jamaa kuanza kusukuma, anaishika pikipiki na kuilaza ubavu polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Anasubiri sekunde chache. Anaiinua, anapiga kiki, inawaka. Abiria anapanda tena na wanafika hadi kituo cha mafuta, ambako jamaa ataweka ya mia mbili.

Watu huuita ujanja wa mtaani, na ni ujanja kweli. Lakini una historia, na sehemu nono ya historia hiyo ilitokea Sahara, kwa watu waliokuwa na mafundi wao, ndege za kuwafuata na pesa za wafadhili. Wao pia walikuwa wakijiuliza swali lile lile la jamaa wa Jogoo Road: mafuta yapo ndani, mbona hayafiki kwenye injini?

Jibu liko kwenye umbo. Tangi la pikipiki si ndoo. Linakalia bomba la fremu kama shogi linavyokalia mgongo wa punda, ile mifuko miwili iliyoshonwa pamoja, mmoja ukining'inia huku na mwingine kule. Likijaa, mafuta yanafunika kile kigongo cha katikati na pande zote mbili zinakuwa kitu kimoja. Yakishuka chini ya kigongo, ghafla una matangi mawili yasiyojuana. Na koki ya mafuta, kwenye pikipiki nyingi, iko upande mmoja tu, mara nyingi kushoto. Ya kulia yanabaki pale pale yakicheza cheza, unayasikia kabisa ukitikisa, na injini imezima.

Kwa tangi dogo unapoteza glasi moja ama mbili. Shida inaanza mtu akitaka tangi kubwa. Huwezi kulikuza sana kwenda juu, kwa sababu utakuwa umebeba uzito kifuani. Unalikuza kwenda chini, mashavu yake yashuke kandokando ya injini, na sehemu hiyo mpya uliyolipia ndiyo hasa iliyo chini ya kigongo. Wakati mwingine iko hata chini ya kabureta, na mafuta hayapandi mlima yenyewe. Hivyo ndivyo tangi lililouzwa kwa jina la lita 25 linavyoweza kukupa safari ya lita 21.

Kabla ya kukuza matangi, watu walikuwa wanabeba. Neno letu "debe" lilianza kwa mafuta: lile bati la galoni nne, kama lita 18, lililoleta mafuta ya taa na petroli huku kwetu, kisha likachotea maji, likapimia mahindi, likanyooshwa na kuezekea nyumba. Jeshi la Uingereza katika Afrika Kaskazini, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lilisafirisha petroli kwa mabati ya aina hiyo hiyo, membamba kiasi kwamba askari waliyapa jina la kejeli kwa udhaifu wake. Yalitoboka, yalipasuka kwenye mishono, yalivuja ndani ya malori. Kuna makadirio ya upande wao wenyewe kwamba asilimia 30 ya mafuta ilipotea kati ya ghala na mtumiaji. Wajerumani walikuwa na mtungi wa chuma wa lita 20, vipini vitatu juu, mdomo wa kubana, uliobuniwa miaka ya 1930. Waingereza waliuteka, wakaunakili, wakaupa jina la utani walilowaitia Wajerumani, Jerry. Ndiyo sababu leo maji yakipotea mtaani kwenu unatafuta jerikeni.

Nalitaja debe kwa sababu pale ndipo hesabu mbili zilipoachana waziwazi: mafuta yaliyotoka bandarini na mafuta yaliyofika kwenye kifaru. Tangi kubwa la pikipiki lina hesabu hizo mbili ndani ya chombo kimoja, na halivuji hata tone.

Sasa tuingie jangwani. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alipotea katika jangwa la Libya akiwa kwenye mashindano ya Abidjan–Nice, juu ya Yamaha XT500. Aliokolewa, na badala ya kuapa kwamba hatarudi, akaenda kutafuta watu wa kurudi nao. Tarehe 26 Desemba 1978, magari na pikipiki 182 ziliondoka Trocadéro, Paris, kuelekea Dakar, kilomita kama 10,000. Zilizofika zilikuwa 74. Aliyeshinda alikuwa kijana mwingine wa XT500, Cyril Neveu, na mwaka uliofuata akashinda tena juu ya pikipiki ya aina ile ile.

XT500 ilitoka kiwandani na tangi lisilofika lita 10. Piga hesabu. Kwenye lami, tuseme kilomita 20 kwa lita, unakata chini ya kilomita 200. Kwenye mchanga laini injini inanguruma gia ya pili siku nzima, kwa hiyo gawanya kwa mbili. Halafu fungua ramani ya Algeria ama Niger utafute kituo cha mafuta. Tangi ndilo lilikuwa badiliko la kwanza la kufikiria, kabla hata ya springi.

Hapo ndipo plastiki ilipojipatia kazi. Bati unalikunja na kulichomelea, lakini plastiki inamiminwa kwenye kalibu ya umbo lolote unalotaka, na tangi linaweza kukumbatia injini kila kona. Kampuni ya Acerbis, iliyoanzishwa mwaka 1973 karibu na Bergamo, Italia, ilijenga jina kwa vitu vya plastiki vya pikipiki za vumbi, na matangi makubwa yakiwemo. Viwanda vikubwa navyo vikaona soko. Mwaka 1983 Yamaha walitoa XT600Z na kuiita Ténéré, kwa jina la jangwa la Niger, ikiwa na tangi la lita 30. BMW wakauza R80 G/S ya jina la Paris-Dakar, lita 32. (Injini hiyo ya BMW inaitwa boxer, silinda zake mbili zikitazamana huku na huku. Haina undugu wowote na Boxer ya stage.) Na boxer hiyo ilikuwa na bahati ambayo wengine hawakuwa nayo: kabureta zake ziko chini, pembeni, moja kila upande, kwa hiyo karibu mafuta yote yako juu yake na yanateremka yenyewe.

Mbelgiji Gaston Rahier alishinda Dakar mara mbili kwa BMW, 1984 na 1985. Alikuwa mtu mfupi, mita 1.64, na tangi limejaa mbele yake kama gunia. Miguu haikugusa chini vizuri. Kupanda tu kulikuwa sarakasi. Mwaka 1986 Honda wakaja na NXR750, iliyobeba zaidi ya lita 50, na ikashinda miaka minne mfululizo. Petroli ina uzito wa kama kilo 0.75 kwa lita, kwa hiyo asubuhi unaondoka na karibu kilo 40 za mafuta, kama umempakia mtoto wa darasa la nane ambaye anayeyuka kadiri siku inavyokwenda.

Mafuta yaliyonaswa yalitibiwa kwa njia kadhaa na zote bado ziko nasi. Koki mbili, kushoto na kulia, mipira yake ikikutana kabla ya kabureta. Ama pampu ndogo inayoendeshwa na mvuto wa injini yenyewe, haina waya wala moshi, inainua mafuta yaliyo chini ya kabureta. Ama pampu ya umeme. Africa Twin za miaka ya tisini zilikuwa na pampu ya umeme, na wenye nazo watakusimulia jinsi inavyokufa bila kuaga. Wanachofanya ni kuiruka: wanaunganisha mpira moja kwa moja kutoka kwenye koki, na mafuta ya nusu ya juu ya tangi yanateremka yenyewe. Nusu ya chini inakuwa mzigo tu.

Mimi naendesha Honda XL250 ya zamani, na nina tangi la plastiki nililonunua kwa msafiri aliyemalizia safari yake Nairobi akauza kila kitu. Kampuni iliyolitengeneza naiacha. Chini limepigwa chapa ya lita 20. Nililitaka kwa sababu ya kaskazini: kutoka Maralal kupitia Baragoi na South Horr hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 200, na njiani petroli unaipata kwa mtungi ama chupa, bei ni ile muuzaji aliyoamka nayo, na kama kuna maji ndani utajua baadaye.

Kabla ya kwenda popote nililipima. Nilimimina petroli kutoka kwenye jerikeni hadi likajaa, kisha nikachomoa mpira wa koki nikaacha mafuta yarudi kwenye jerikeni yenyewe. Yaliporudi yote yaliyokubali kurudi, ndani zilikuwa zimebaki lita tatu na kitu. Kwa ulaji wa pikipiki yangu hizo ni kama kilomita 75, yaani Nairobi hadi Thika na sehemu kubwa ya kurudi. Kule Baragoi, kilomita 75 ni kufika ama kulala porini.

Nikampelekea fundi mmoja wa Kirinyaga Road, mzee wa pale Grogan ambaye ameona pikipiki za polisi, za mapadri na za watalii.

"Fundi, si tuweke tu pampu?"

"Pampu ya nini, kijana? Ikikufia huko kwa Waturkana utaitengeneza na nini?" Akaligeuza tangi, akagonga kidole upande wa kulia, pale kiwanda kilipoacha nafasi ya koki ya pili na kuiziba. "Hapa. Hata wao walijua."

Akafunga koki ya pili, akaunganisha mipira kwa kiungo cha njia tatu, akaweka chujio. Akabadilisha pia mpira wa kupumulia ulio kwenye kifuniko, maana tangi lisilovuta hewa linajinyonga: mafuta yanatoka, hewa haiingii, injini inazima na tangi liko nusu. Ukifungua kifuniko ukasikia linavuta pumzi, umepata mgonjwa wako. Kisha akanipa somo ambalo sikulipata kwenye kitabu chochote.

"Usifungue zote. Tembea na ya kushoto. Ikizima, fungua ya kulia. Hiyo ndiyo rizavu yako, na unajua ni ngapi kwa sababu umepima. Na hiyo ikiisha, laza. Kulaza hakuharibiki."

Hebu litazame vizuri. Mafuta yale yale yaliyokuwa yamenaswa kulia, ambayo yangenifanya nimlaani mtengenezaji, sasa ndiyo akiba yangu, na kigongo cha katikati, adui wa hadithi hii yote, ndicho kinachoilinda. Pikipiki za mashindano za siku hizi zina matangi mbele na nyuma, na mwendeshaji anachagua amalize lipi kwanza kufuatana na mchanga na uzito. Fundi wangu hajawahi kufika Dakar. Alifika mahali pale pale kwa koki ya bei ya chakula cha mchana.

Kuna upande wa pili wa tangi kubwa na si wa kuchekesha. Mwitaliano Fabrizio Meoni, mshindi wa Dakar wa 2001 na 2002, alianguka na kufa Mauritania tarehe 11 Januari 2005, akiwa na miaka 47. Siku moja kabla, Mhispania José Manuel Pérez alikuwa amekufa hospitalini kwa majeraha ya mashindano hayo hayo. Siwezi kusema mafuta ndiyo yaliyowaua. Lakini kwa mashindano ya 2006 waandalizi walibana kasi ya pikipiki, na pia wakapunguza ujazo wa matangi ili uzito ushuke. Karibu miaka thelathini watu walikuwa wanaongeza lita. Sasa sheria ikawa inazitoa, kwa sababu pikipiki nzito ikianza kuyumba kwenye kasi haikusikilizi, na ikikuangukia inakuangukia na mafuta yake.

Tangu lami ya Isiolo hadi Moyale ikamilike, kilomita kama 500 ambazo zamani malori yalikwenda kwa msafara, tangi langu lina kazi kwenye njia chache tu: Loiyangalani, North Horr, na ile njia ya ziwa inayotoka Ethiopia bila kugusa Moyale. Nikienda huko natia lita zote 20, nauachia mchanga nusu ya hesabu yangu, na kila siku ya tatu nafungua chujio kumwaga maji na kutu ya mitungi ya watu. Hapa mjini natembea na lita sita, koki ya kulia imefungwa.