Elimu na ajira ya uhandisi ujenzi mkoani Mbeya

Elimu na ajira ya uhandisi ujenzi mkoani Mbeya inahusu maandalizi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya uhandisi katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, pamoja na kazi wanazofanya baada ya kuhitimu. Uhandisi ujenzi hushughulikia barabara, madaraja, majengo, mabwawa na mifumo ya maji. Nchini Tanzania shahada peke yake haimpi mtu cheo cha mhandisi. Cheo hicho hupatikana kwa kusajiliwa kisheria.

Vyuo

Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, na kwa miaka mingi vijana wa Mbeya na Iringa waliotaka shahada ya fani hiyo walisafiri hadi huko. Mkoani Mbeya, Chuo cha Ufundi Mbeya kilianzishwa mwaka 1986 kwa ushirikiano na Umoja wa Kisovyeti, kikitoa mafundi sanifu. Mwaka 2005 kilipandishwa hadhi kuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia Mbeya (MIST), na mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST).

Anayetaka kusomea uhandisi wa mazingira kama fani kamili huweza kwenda Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam.

Masomo

Shahada ya uhandisi ujenzi huchukua miaka minne. Wengi huingia baada ya kidato cha sita wakiwa wamesoma fizikia, kemia na hisabati (PCM). Wengine huingia kwa stashahada ya ufundi. Masomo ni pamoja na hisabati, upimaji ardhi, nguvu za vifaa, udongo na misingi ya majengo, zege, barabara, maji safi na majitaka.

Wakati wa likizo wanafunzi hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika miradi, viwanda na ofisi za serikali. Katika mwaka wa mwisho kila mmoja huandaa mradi wake.

Usajili

Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) hufanya kazi chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997. Ni kosa kisheria kufanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa. Kwa waliosoma shahada, ngazi kuu ni tatu:

- Mhandisi mhitimu: mwenye shahada inayotambuliwa, ambaye bado yuko chini ya uangalizi.
- Mhandisi mtaalamu: aliyepata uzoefu unaotakiwa na kupita usaili wa bodi. Huyu anaweza kuwajibika kwa kazi yake mwenyewe.
- Mhandisi mshauri: mtaalamu mwenye uzoefu mkubwa zaidi wa kusanifu na kushauri.

Mafundi sanifu nao husajiliwa na bodi hiyo.

Mwaka 2003 bodi ilianzisha mpango wa mafunzo ya miaka mitatu kwa wahitimu, unaojulikana kwa kifupi chake SEAP. Mhitimu hufanya kazi katika kampuni au taasisi chini ya mhandisi mtaalamu, huku akiandika ripoti za mara kwa mara. Serikali ya Norwei imewahi kufadhili mafunzo hayo kwa wanawake.

Ajira

Katika utumishi wa umma waajiri wakubwa ni Wakala wa Barabara (TANROADS), Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulioanza mwaka 2017, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ulioanza mwaka 2019, halmashauri, na mamlaka za maji za miji kama Mbeya na Iringa. Nafasi nyingi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na waombaji hushindana kwa usaili.

Katika sekta binafsi wahitimu huajiriwa na makandarasi na kampuni za ushauri. Wengine huanzisha kampuni zao, ambazo husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) katika madaraja, la saba likiwa la chini kabisa.

Mazingira ya Mbeya yenyewe yanahitaji wataalamu. Barabara kuu ya kwenda Tunduma hubeba malori mengi ya Zambia na Kongo, na hupita kwenye miteremko mikali. Aprili 2024 maporomoko ya udongo kutoka mlima Kawetere yalifukia nyumba katika kata ya Itezi, jambo lililoonyesha umuhimu wa kupima udongo na kupanga mifereji kabla ya watu kujenga mabondeni na miteremkoni.

Changamoto

Ugumu mkubwa uko kati ya kuhitimu na kusajiliwa kuwa mtaalamu. Waajiri wengi hutaka uzoefu, ilhali uzoefu hupatikana kazini. Mhitimu asiyepata mhandisi wa kumsimamia huchelewa kupanda ngazi, na baadhi huishia kufanya kazi za ufundi sanifu, usimamizi wa vibarua au biashara. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hunufaika akitunza kumbukumbu za kila mafunzo aliyofanya, akijifunza programu za usanifu mapema, na kujisajili kama mhandisi mhitimu mara tu baada ya kumaliza chuo.

Tazama pia

- Mkoa wa Mbeya
- Uhandisi
- Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya