Mto Unapokomea Ndipo Barabara Inapoanzia: Historia ya Njia ya Milimani kutoka Bandari ya Juba

Bandari ya Juba, iliyoko ukingo wa magharibi wa Nile Nyeupe karibu na soko la Konyo Konyo, ndiyo kituo cha mwisho cha vyombo vinavyopanda mto kutoka kaskazini, kwa kuwa kusini yake, katika mwendo wa takriban kilomita 150 hadi Nimule, mto hukatwa na maporomoko ya Bedden, Fula na mengineyo, ambamo maji hukimbia kwa nguvu juu ya miamba na hakuna chombo cha mizigo kinachoweza kupita. Kila shehena na kila msafiri aliyetaka kutoka Sudan kwenda Uganda alilazimika kuteremka hapo na kushika njia ya nchi kavu, kupitia vilima vya Wabari na Wamadi. Njia hiyo ilianza kama mapito ya wapagazi, ikapanuliwa kuwa barabara ya magari, ikafukiwa mabomu ya ardhini wakati wa vita, na hatimaye ikawekwa lami ambayo leo hupitiwa na malori, mabasi na pikipiki. Kwa hiyo miamba iliyoinyima Juba njia ya maji ndiyo iliyoupatia mji huo barabara yake kuu.

Wapagazi na vipande vya meli

Kabla ya Juba kuwa mji, kituo kilichojulikana zaidi katika eneo hilo kilikuwa Gondokoro, ng'ambo ya mashariki ya mto, ambako wavumbuzi Speke na Grant walikutana na mwenzao Samuel Baker mwezi Februari 1863 walipokuwa wakishuka kutoka upande wa Uganda. Baker alirudi miaka ya 1870 akiwa mtumishi wa serikali ya Misri, na nia yake ilikuwa kupeleka meli ya mvuke hadi Ziwa Albert, lakini maporomoko yalimshinda. Ilikuwa wakati wa mrithi wake, Charles Gordon, aliyetawala jimbo la Ikwatoria kuanzia 1874 hadi 1876, ndipo vyombo vilivyofunguliwa vipande vipande vilipobebwa kuvuka eneo hilo hadi Dufile, juu ya maporomoko, vikaunganishwa upya, na mwaka 1876 msaidizi wake Romolo Gessi akalizunguka Ziwa Albert kwa mashua mbili za chuma. Uzito wa kazi hiyo uliangukia mabega ya watu, na mapito waliyoyatumia ndiyo yaliyoonyesha mahali ambapo ardhi inaruhusu mizigo kupita kati ya mto wa chini na mto wa juu.

Safari ya kuunganisha vyombo

Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliijenga Juba katika miaka ya 1920, na bandari yake ikachukua nafasi ya Rejaf, kituo cha kusini kidogo ambacho meli zilikuwa zikikitumia. Kutoka Kosti hadi Juba ni zaidi ya kilomita 1,400 za maji yanayopitika, na mwisho wa safari hiyo ndefu abiria alishuka melini akapanda gari. Njia moja ilielekea magharibi hadi Aba, katika Kongo ya Wabelgiji. Njia nyingine ilielekea Nimule, ambako meli za shirika la Reli na Bandari la Kenya na Uganda zilipokea abiria kwa safari ya Pakwach na Butiaba. Kutoka Butiaba, gari lilipanda mteremko mkali wa Bonde la Ufa hadi Masindi, abiria wakapanda meli tena Masindi Port hadi Namasagali, na huko wakakutana na reli iliyowafikisha Mombasa.

Mpangilio huo, ambamo msafiri alibadili vyombo mara kwa mara kadiri ardhi ilivyopanda na kushuka, ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, maji ya Ziwa Albert yalipopanda na kuiharibu bandari ya Butiaba. Meli zilipotoweka upande wa Uganda, barabara ya Nimule haikuwa tena kiungo kati ya maji na maji, bali sehemu ya njia kuu ya nchi kavu.

Vita, mabomu na lami

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan, vya kwanza kuanzia 1955 hadi 1972 na vya pili kuanzia 1983 hadi 2005, viliikata njia hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1989 wapiganaji wa SPLA, yaani Jeshi la Ukombozi wa Watu wa Sudan, waliiteka Nimule huku Juba ikibaki mikononi mwa serikali ya Khartoum, na vilima vilivyo kati ya miji hiyo miwili vikawa uwanja wa mapambano. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, kazi ya kwanza ilikuwa kutegua mabomu ya ardhini, na ndipo ujenzi ukafuata. Barabara ya lami ya kilomita 192, iliyogharimiwa na Marekani kupitia shirika lake la misaada la USAID, ilikamilika mwaka 2012, ikawa barabara kuu ya kwanza ya lami katika taifa lililokuwa limetimiza mwaka mmoja tu wa uhuru.

Amani hiyo ndiyo iliyoleta pikipiki kwa wingi. Usafiri wa bodaboda ulianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda miaka ya 1960, ukahamia kwenye pikipiki miaka ya 1990, na baada ya 2005 vijana wengi wa Uganda waliupeleka Juba, hadi mwaka 2013 serikali ya Sudan Kusini ilipowazuia wageni kufanya kazi hiyo ili iwe ya wenyeji.

Kwa mwendesha pikipiki, barabara ya Nimule ina tabia zake. Kona nyingi za upande wa kusini, ambako njia hupita kati ya vilima na kuuvuka Mto Aswa, si kali sana, lakini mwendo mkubwa huzifanya ziwe za hatari, kwa sababu pikipiki hugeuka kwa kulazwa upande, na mchanga kidogo uliotapakaa juu ya lami unatosha kulitelezesha gurudumu la nyuma. Sudan ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, na Sudan Kusini ikarithi utaratibu huo, ilhali Uganda na Kenya huendesha kushoto, hivyo kila chombo hubadili upande mpakani, kati ya Elegu ya Uganda na Nimule. Dereva wa lori la Uganda, ambaye usukani wake uko kulia, akiingia Sudan Kusini huketi upande wa ukingo wa barabara, na akitaka kulipita gari lililo mbele hana budi kuchungulia kwa taabu kabla ya kuona kinachokuja. Pikipiki, isiyokuwa na upande wa usukani, huepuka tatizo hilo, lakini ndiyo inayokutana uso kwa uso na lori lililotanua kwenye kona.

Kupanda hadi Gilo

Anayetafuta barabara ya milimani hasa hana budi kuelekea mashariki, hadi Torit, kisha kusini katika Milima ya Imatong, yenye kilele cha Kinyeti chenye kimo cha mita 3,187, kirefu kuliko vyote nchini. Katika miaka ya 1940 idara ya misitu ya serikali ya kikoloni ilianzisha kiwanda cha kupasua mbao huko Katire, chini ya milima, na mashamba ya miti ya misonobari na jamii zake huko Gilo, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,800. Magogo hayakuwa na njia nyingine ya kushuka, na kwa hiyo ikachongwa barabara ya udongo yenye kona za kujikunja, yaani njia inayokwenda kulia na kurudi kushoto ili kupunguza ukali wa mwinuko. Vita vya pili vilisimamisha kazi ya mbao, na mvua zikaimomonyoa barabara isiyokuwa na mtu wa kuitunza.

Kwenye barabara ya Nimule nako, mashambulizi dhidi ya mabasi na malori yaliyofuata mapigano ya Julai 2016 mjini Juba yalilazimu magari ya Nimule kusafiri kwa misafara yenye ulinzi wa askari. Kwa upande wa bandari, Daraja la Uhuru, lenye urefu wa mita 560 na lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa Mei 2022 na kuipunguzia mzigo njia ya zamani ya kuvuka mto. Uhandisi umekwisha kuonyesha kwamba vilima hivyo vinapitika. Kinachoamua kama barabara ya Nimule itabaki ya biashara peke yake, au kama njia ya Gilo itapata wasafiri wanaoipanda kwa ajili ya milima yenyewe, ni usalama na bajeti ya matengenezo, mambo mawili ambayo katika historia yote ya njia hizo hayajawahi kudumu pamoja kwa muda mrefu.