Mpaka wa Busia na Tororo Unatufundisha Nini Kuhusu Kura

Kila uchaguzi unapokaribia, uwe wa Uganda au wa Kenya, tunaulizwa swali lile lile: nyinyi wakimbizi hamna kadi ya kura, mambo haya yanawahusu nini? Ni kweli, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 haituruhusu kuingia katika siasa za nchi hii, na tunaiheshimu. Lakini wengi wetu tuko hapa kwa sababu ya kura iliyoharibika kwetu, au kura ambayo haikupigwa kabisa. Kwa hiyo yanatuhusu, tena sana.

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi mwaka 1902, Waingereza waliihesabu Busia yote kuwa Uganda. Mwaka huo wakaikata mikoa ya mashariki ya Uganda na kuiunganisha na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili, bila kuulizwa na mtu. Hakuna aliyepiga kura kuhusu mstari ule, na bado ndio unaoamua mtu apige kura wapi.

Mfano wake ni ndugu wawili, watoto wa baba mmoja. Aggrey Awori alikuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, upande wa Uganda, na mwaka 2001 aligombea urais. Kaka yake, Moody Awori, alikuwa mbunge wa Funyula, upande wa Kenya, na mwaka 2003 akawa Makamu wa Rais. Desemba 2007 wananchi wa Funyula walimwangusha Moody kwa kura. Makamu wa Rais mzima, akaenda nyumbani! Hiyo ndiyo kazi ya kura ikihesabiwa na watu wakaiamini.

Lakini katika uchaguzi huo huo, hesabu ya kura za urais haikuaminiwa. Matokeo yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007 na nchi ikawaka. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mamia ya maelfu walihama makwao, na kama 12,000 walivuka kuja Uganda kupitia Busia na Malaba. Walilala kwenye shule na makanisa ya mpakani, kisha wengi wakapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo. Baadaye mwaka 2008 waliobaki wakahamishiwa Kiryandongo, mbali kabisa upande wa Masindi. Huku nyuma reli iling'olewa Kibera, barabara zikafungwa, na petroli ikapanda bei Uganda, Rwanda, hadi Kongo mashariki. Kumbe kura ya jirani inaweza kukufikia hata jikoni kwako.

Tuseme na jambo linalouma. Waliotumwa kuchoma nyumba na kufunga barabara wengi walikuwa vijana wa rika letu. Wanasiasa walijua kijana asiye na kazi ni rahisi kumtuma. Waliowatuma hawakulala Mulanda.

Baadaye Tume ya Kriegler ilichunguza uchaguzi ule na kusema kasoro zilikuwa nyingi kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda kweli. Moja ya kasoro ni daftari la wapiga kura, ambalo lilijaa majina ya marehemu. Ndipo Wakenya wakaandika katiba mpya na kuipigia kura tarehe 4 Agosti 2010. Ikapita, na safari hii nchi haikuwaka. Lakini mkimbizi wa Kenya aliyekuwa bado Kiryandongo siku ile hakuwa na sanduku la kura, kwa sababu wakati huo Wakenya walio nje ya nchi hawakuwa na utaratibu wa kupiga kura. Aliyekimbia kwa sababu ya uchaguzi mbaya akakosa kura iliyokuja kurekebisha mambo. Kumbe ukimbizi unachukua na sauti yako pia, siyo nyumba na shamba tu.

Je, mkimbizi hawezi kupiga kura kabisa? Anaweza. Januari 2011 watu wa Sudan Kusini waliokuwa nje, wakiwemo walioishi Uganda na Kenya, walijiandikisha na kupiga kura ya maoni. Asilimia 98.83 walichagua uhuru. Hatudanganyani: kura ile haikuzuia vita vya Desemba 2013, na uchaguzi mkuu walioahidiwa umeahirishwa mara kadhaa. Kura siyo dawa ya kila ugonjwa. Lakini siku ile mtu aliyekuwa ugenini alihesabiwa kama mwenye nchi.

Na hapa makambini kuna kura yetu wenyewe: mabaraza ya wakimbizi, yale tunayoyaita RWC. Viongozi wake tunawachagua sisi. Ndio wanaokaa na Ofisi ya Waziri Mkuu na mashirika kusema maji yamekatika, au majina yamerukwa kwenye mgao. Vijana wengi tunawaachia wazee, halafu tunalalamika mwaka mzima. Kwa nini?

Kwa hiyo tunaombana hivi. Uchaguzi wa RWC ukija, nenda ukachague, na ukiweza gombea. Ukirudi nyumbani, kabla hata ya kujenga, ulizia daftari la wapiga kura liko wapi. Nyinyi wenyeji wa Busia na Tororo, pande zote mbili, kadi mnayo, msiiuze kwa sabuni na sukari. Na ninyi ndugu wa mashirika, mkitufundisha ushonaji na kompyuta, tufundisheni pia jinsi kura inavyohesabiwa na namna ya kulalamika bila kushika jiwe.

Waliolala Mulanda hawakukimbia kwa sababu watu walipiga kura. Walikimbia kwa sababu hesabu haikuaminika. Kuna siku sisi pia tutarudi. Tukirudi, tuwe watu wanaojua kupanga foleni, kuhesabu, na kukubali matokeo ya haki hata yakituangusha.