Mnifinye Kwanza

Shosho alikuwa na wasia mmoja ambao hakuuandika popote. Kila akiugua, hata ikiwa ni homa ya siku mbili tu, alikuwa akiniita kando ya kitanda na kuniambia, "Nikienda, mnifinye kwanza. Mnifinye kabisa. Msiniharakishe." Sisi tulikuwa tunacheka. Mjomba alimwambia kwamba kwa vile anavyopenda kugombana, akifinywa ataamka hata kama amekufa kweli. Shosho mwenyewe hakucheka.

Hofu yake aliirithi kwa mamake. Kabla serikali ya mkoloni haijasukuma watu wachimbe makaburi, Wakikuyu wengi hawakuzikwa. Kaburi lilikuwa la mzee mwenye mali na watoto. Wengine walipelekwa msituni, fisi wakamaliza kazi. Na mara nyingi mgonjwa mahututi alitolewa nje kabla hajakata roho, kwa sababu kifo ndani ya nyumba kiliinajisi nyumba. Aliwashiwa moto kando yake, akaachwa. Shosho alisimulia kwamba wako waliopata nafuu huko nje, wakajikokota hadi nyumbani usiku, na watu wakawakimbia. Jina Kariuki, hebu ulisikilize vizuri, lina kufufuka ndani yake.

Kwa hivyo nilikua nikidhani hofu hii ni ya kwetu, ya vijijini, ya watu wa zamani. Halafu siku moja nikaanza kusoma kuhusu Ulaya ya karne ya 18, nikakuta wazungu wenye wigi wakitetemeka kuliko shosho.

Mwaka wa 1740, mjini Paris, mtaalamu wa anatomia aliyezaliwa Denmark, Jacques-Bénigne Winslow, alitoa tasnifu iliyosema kwamba alama za kifo haziaminiki. Mwili kuwa baridi si ushahidi. Kukosa pumzi si ushahidi. Alama moja tu ndiyo ya uhakika: mwili kuanza kuoza. Winslow hakuwa anabahatisha kuhusu hofu, maana kwa maelezo yake mwenyewe, alipokuwa mdogo alishawahi kudhaniwa amekufa. Miaka miwili baadaye daktari mwingine, Jean-Jacques Bruhier, akaitafsiri kazi hiyo kwa Kifaransa na kuijazia visa vya watu walioamka njiani wakipelekwa makaburini.

Visa vingi vya aina hiyo ni porojo. Kuna kile cha mwanamke aliyezikwa na pete yake. Mwizi anafukua kaburi usiku, pete inakataa kutoka, anakata kidole, mama anaamka na kwenda zake nyumbani. Cologne, Ujerumani, wanacho. Lurgan, Ireland, wanacho. Ni kama vile kila mji wa Pwani una yule dada mrembo ambaye ukiangalia chini unaona ana kwato.

Lakini porojo haienei bila mbolea, na mbolea ya hii ilikuwa sayansi. Mwaka wa 1767 wakazi wa Amsterdam walianzisha chama cha kuokoa watu waliozama kwenye mifereji, na London wakafuata mwaka wa 1774. Waliwapulizia waliozama hewa mdomoni, wakawapasha joto, na ndiyo, wakawapulizia moshi wa tumbaku kupitia makalio. (Hii si mimi nimeitunga. Mitambo ya kazi hiyo ilitundikwa kando ya mto Thames.) Na baadhi yao kweli waliamka. Sasa fikiria wewe ni mtu wa kawaida wa London. Jana mtu kama huyu alikuwa maiti, habari imeisha. Leo amekohoa maji na kuomba chai. Utajiuliza basi ni wangapi tuliozika ambao walihitaji tu kupashwa joto.

Ndiyo maana mnamo Desemba 1799 George Washington, akiwa kitandani anakata roho, alimwagiza katibu wake, Tobias Lear, mwili wake usiwekwe kaburini kabla ya siku tatu kupita. Alihakikisha Lear ameelewa, ndipo akatulia. Rais wa kwanza wa Marekani, na ombi lake la mwisho ni lile la shosho: msiniharakishe.

Waliokuwa na pesa hawakutaka kutegemea maombi tu. Kufikia mwaka wa 1792 mwanamfalme wa Brunswick, Ferdinand, alikuwa amejitengenezea jeneza lenye dirisha na tundu la hewa, na mfuniko unaofunguliwa kwa ufunguo kutoka ndani. Karne iliyofuata ikaja kipindupindu, watu wakazikwa haraka haraka ili kuzuia ugonjwa, na hofu ikapanda zaidi. Mnamo 1844 Edgar Allan Poe akaandika hadithi nzima juu yake. Mwaka wa 1868 Franz Vester wa Newark, New Jersey, alipata hataza ya jeneza lenye bomba la kutokea usoni pa marehemu hadi juu ya ardhi. Ndani ya bomba mlikuwa na ngazi ya kupandia, na kamba ya kengele kwa yule asiye na nguvu ya kupanda. Ninachokipenda zaidi ni kwamba ikithibitika umekufa kweli, bomba linachomolewa na kutumiwa kwa mteja mwingine. Mwaka wa 1897 Karnice-Karnicki, mtu wa ikulu ya mfalme wa Urusi, naye akaleta chombo chake: mpira wa kioo juu ya kifua, ukitikisika tu bendera inainuka kaburini na kengele inalia.

Hakuna kumbukumbu ya kuaminika ya hata mtu mmoja aliyeokolewa na majeneza hayo. Kioo kilichokaa juu ya kifua kitatikisika hata kwa maiti, kwa sababu maiti hatulii. Gesi hujaa tumboni, mwili hufura na kusogea, majimaji mekundu hutoka mdomoni, ngozi hunywea na kucha zikaonekana kama zimerefuka. Watu waliofukua makaburi wakakuta mwili umegeuka na damu mdomoni walisema, angalia, alipigana humu ndani. Kumbe ilikuwa ni kuoza kwa kawaida, ile alama moja ambayo Winslow aliiamini.

Wajerumani walijaribu njia tofauti. Daktari Christoph Wilhelm Hufeland alishinikiza mjini Weimar, mwanzoni mwa miaka ya 1790, ijengwe nyumba ya kungojea. Maiti wanalazwa humo, kuna joto, kuna mlinzi, na hawazikwi mpaka waanze kunuka. Miji mingine ikaiga. Vidole vilifungwa nyuzi zilizounganishwa na kengele chumbani kwa mlinzi, na Mark Twain alipotembelea ile ya Munich aliiandika katika kitabu chake cha 1883. Kengele zililia mara nyingi, sababu ikiwa ile ile, gesi. Nafikiria sana huyo mlinzi. Saa nane usiku, harufu ya maua yaliyojaa kote kuficha harufu nyingine, kengele inalia, naye lazima aamke aende kuangalia. Kila mara. Kazi yake yote ilikuwa kutodharau kengele.

Aliyeipunguza hofu hii hakuhitaji kengele. Mfaransa mwenzake Laennec alikuwa ameshavumbua stethoskopu mwaka wa 1816, na katika miaka ya 1840 Eugène Bouchut akashinda zawadi ya Chuo cha Sayansi cha Paris kwa kusema jambo ambalo leo linaonekana wazi: weka hicho chombo kifuani na usikilize. Usiposikia moyo kwa dakika mbili, mtu amekufa. Madaktari wengine walibishana naye kwa miaka. Hawakuamini kwamba daktari wa kawaida, akiwa na haraka zake, atasikiliza vizuri kiasi hicho.

Na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Alfred Nobel, mtu aliyegundua baruti ya dinamiti na aliyeweza kununua daktari yeyote, aliandika katika wasia wake wa 1895 kwamba akishakufa mishipa yake ikatwe, madaktari wenye ujuzi wathibitishe, ndipo achomwe. Mwaka uliofuata William Tebb na wenzake wakaanzisha London chama kizima cha kuzuia watu kuzikwa hai. Hawa hawakuwa wajinga. Walijua stethoskopu ipo. Walichokitilia shaka ni mkono unaoishika.

Sisi tunajua. Januari 2014, huko Naivasha, kijana aliyelazwa kwa sababu ya sumu alitangazwa amekufa, akaamka ndani ya mochari, wahudumu wakatoka mbio. Novemba 2020, Kericho, mhudumu wa mochari alimchanja jamaa mguu ili ampitishie dawa ya kuhifadhi maiti, na jamaa akapiga nduru. Familia ikasema wauguzi ndio waliowaambia amekufa, hospitali ikasema familia ndiyo iliyoharakisha. Kile ambacho Nobel alikiweka katika wasia, huyu wa Kericho alikipata bila kuomba, na kilimwokoa kweli.

Mitandaoni tulitengeneza vichekesho. Mimi pia nilituma kimoja kwa grupu la familia. Shosho hakuwa na simu ya kuona hivyo vitu, lakini mtu alimsimulia, na wiki hiyo aliniita tena kando ya kitanda.

Alifariki hospitalini, saa kumi alfajiri, mimi nikiwa kwenye kiti cha plastiki. Muuguzi alikuwa peke yake kwa wadi nzima, na alisimama miguuni pa kitanda akasema, "Pole, ameenda." Hakuwa amemgusa. Nikamwomba amwangalie tena. Aliniangalia kwa macho ya mtu ambaye hajalala tangu juzi, na nadhani alitaka kunijibu vibaya. Halafu akavua stethoskopu shingoni, akaiweka kifuani kwa shosho, akainama. Nikawasha simu kuhesabu. Dakika mbili ni ndefu sana. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anaita maji, na yule muuguzi hakuinuka. Zilipoisha akatikisa kichwa, akaenda kupeleka maji.

Nilikunja mkono wa sweta ya shosho nikamfinya, kwa nguvu, karibu na kiwiko. Ngozi ilibaki imesimama pale nilipoiachia.

Mjomba alipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Hakuuliza nimepiga kwa nini.

"Umemfinya?"

"Nimemfinya, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Mfinye tena," akasema, "mimi nikija."