Mkopo wa Mwalimu Mtarajiwa na Milango Yake

Kijana wa Gisenyi aliyetaka shahada ya ualimu alitazama Kigali, ambako Taasisi ya Elimu (KIE) ilianza mwaka 1999. Asiye na karo aliomba mkopo SFAR, wakala ulioundwa mwaka 2003. Mwaka 2011 kazi hiyo ikaingia Bodi ya Elimu (REB), baadaye ikahamia Benki ya Maendeleo (BRD). Kila mlango ulipohama, mwombaji alijifunza masharti upya. Na huku Rubavu mshauri wake ni mwalimu aliyepitia mlango wa zamani! Tangu Kiswahili kipitishwe kuwa lugha rasmi mwaka 2017, tunawahitaji sana vijana hawa. Walimu wenzetu, tuwasomee masharti ya mwaka huu, si tuliyoyatumia sisi.