Katiba ya Usharika na Kielelezo cha Kanisa

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 100 ya usharika wetu, yafaa tukumbuke kwamba usharika huishi kwa Neno na Sakramenti, nao huongozwa kwa utaratibu. Ndugu zetu wa Marekani, ambao sinodi zao zina udugu na dayosisi nyingi za KKKT, walikutana na jambo hili makanisa matatu ya Kilutheri yalipoungana na kuanza kazi kama ELCA tarehe 1 Januari 1988. Sharika za zamani ziliruhusiwa kuendelea na katiba zao. Bali usharika ulipotaka kurekebisha kifungu, katiba iliyorekebishwa ilipaswa kupatana na masharti ya Kanisa. Katika katiba ya kielelezo, vifungu vyenye nyota ni vya lazima. Vingine usharika hujiamulia. Badiliko la kawaida hupita mikutano miwili, wa pili ukidai theluthi mbili ya kura. La kufuata kielelezo hutosha wingi wa kura katika mkutano mmoja. Wepesi huo una hatari yake: washarika waweza kuinua mikono kabla ya kusoma. Umoja wa Kanisa haumnyang'anyi msharika sauti. Humwongezea wajibu wa kuelewa anachokikubali.