Hesabu ya Makaa ya Mawe katika Nyumba za Uingereza

Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki asemapo makaa, mawazo yake huenda kwanza kwenye makaa ya miti. Yale yachimbwayo ardhini huyaongezea neno, akayaita makaa ya mawe, yaani huyataja kwa jinsi yalivyo. Watu wa London wa zamani nao walikuwa na neno moja la makaa, ambalo asili yake lilikuwa la makaa ya miti, na yale mengine wakayataja kwa njia yaliyopitia: waliyaita makaa ya bahari, kwa kuwa yaliletwa kwa vyombo kutoka Newcastle, kaskazini ya nchi. Njia hiyo ya bahari ndiyo iliyoacha maandishi ya kwanza yenye kutegemewa juu ya makaa ya London, maana kila kilichopita bandarini kilitozwa ushuru, na kitozwacho ushuru huandikwa. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, kodi ya makaa yaingiayo mjini ilikuwa miongoni mwa fedha zilizojengea upya mji, pamoja na kanisa kuu la St Paul's.

Basi mwenye kutaka kujua mji mzima uliwasha makaa kiasi gani anayo madaftari ya kuyasoma. Lakini akiuliza nyumba moja iliwasha kiasi gani wakati wa baridi, mambo hubadilika. Desturi ya waandishi wengi ni kuchukua jumla ya mji au ya nchi na kuigawanya kwa idadi ya nyumba. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini nyumba ipatikanayo kwa kugawanya hivyo haikukaliwa na mtu yeyote.

Serikali ilipoingia nyumbani kwa mara ya kwanza kuhesabu moto, haikuhesabu makaa. Sheria ya mwaka 1662 ilitoza shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko, ikilipwa kwa nusu mbili, na watozaji walikuwa na haki ya kuingia vyumbani kuhakikisha idadi. Watu wakaziba meko zao ili zisihesabiwe. Kodi hiyo ilichukiwa mno, khasa kwa ajili ya kule kuingiliwa nyumbani, ikafutwa mwaka 1689. Imewaachia wanahistoria orodha kubwa ya meko, na wako waliozitumia orodha hizo kupimia utajiri wa watu, jambo linalofaa kwa kadiri yake. Juu ya makaa, hata hivyo, hazisemi neno: meko mbili za tajiri zilizowashwa mchana kutwa na meko moja ya maskini iliyowashwa jioni tu haziwezi kulinganishwa kwa mbili na moja.

Sokoni nako palikuwa na shida ya namna nyingine. Makaa yalipimwa kwa ujazo, si kwa uzito. Kipimo kikubwa kilikuwa chaldroni, na chaldroni ya London ilikuwa na busheli 36. Lakini chaldroni ya Newcastle ilikuwa karibu mara mbili yake, ingawa jina ni moja. Tena busheli ya makaa haikupimwa kwa mfuto bali kwa tele. Msomaji ajuaye tofauti ya kibaba cha tele na kibaba cha mfuto hahitaji kuelezwa ugomvi uliokuwamo humo, maana urefu wa kile kichuguu cha juu hutegemea mkono wa mpimaji. Hata ukubwa wa mapande ulikuwa na neno lake. Pande kubwa likivunjwa-vunjwa huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko lilipokuwa zima, kwa hiyo mchuuzi aliyekuwa na nyundo aliweza kuuza zaidi ya alichonunua. Mji uliweka wapimaji wa kiapo kusimamia jambo hili, nao ujira wao ukaongezwa juu ya bei.

Sheria ya mwaka 1831 iliamuru makaa ya London yauzwe kwa uzito, na ile ya mwaka 1835 ikaieneza amri hiyo katika nchi nzima, na vipimo vya tele vikakomeshwa. Tangu hapo kipimo cha nyumbani kikawa handredweti, nayo ni ratili 112, zaidi kidogo ya frasila tatu. Handredweti 20 ni tani moja. Hila haikuisha, ila ilibadili nguo: sasa makaa yaliloweshwa maji ili yawe mazito. Mwenye nyumba aliyejiweza alijilinda kwa kusimama mlangoni wakati hamali wakimwaga magunia ndani ya tundu la njiani lililoelekea ghala ya chini, akayahesabu magunia matupu kabla gari halijaondoka. Hesabu hii ya magunia matupu ndiyo iliyokuwa hesabu ya kweli ya nyumba nyingi za wenye mali, na haikuandikwa popote isipokuwa katika daftari la bibi mwenye nyumba, kama alikuwa nalo.

Mwaka 1889 ikatoka sheria iliyomlazimu muuzaji apelekaye makaa kwa gari kumpa mnunuzi hati yenye kuonyesha uzito. Lakini hati hiyo ilipasa mzigo ukizidi handredweti mbili. Sharti hili laonekana dogo, kumbe ndilo lililogawanya watu wanaojulikana na wasiojulikana. Mwenye ghala alinunua kwa tani wakati wa joto, bei iliposhuka, akapewa hati. Mwenye chumba kimoja au viwili hakuwa na ghala wala fedha za tani. Alinunua handredweti moja, au nusu, au ratili 14 alizozibeba mwenyewe, tena alinunua wakati wa baridi kali ambapo bei imepanda. Huyu alilipa zaidi kwa kila ratili, na hakubaki na karatasi.

Ndiyo maana kazi ya Maud Pember Reeves na wenzake wa kundi la wanawake wa chama cha Fabian ina thamani ya pekee. Kuanzia mwaka 1909 walizitembelea nyumba za vibarua huko Lambeth, kusini ya mto Thames, wakawaomba wake waandike matumizi ya kila juma, na habari zake zikachapishwa mwaka 1913. Wako wake wasiojua kuandika, ambao waume au watoto waliwaandikia. Katika orodha hizo makaa hayatajwi kwa mwaka bali kwa juma, pamoja na kodi ya nyumba, sabuni na mkate, na hapo ndipo yaonekanapo mambo ambayo jumla za bandarini haziwezi kuyaonyesha: makaa yakizidi, chakula hupungua. Hata hivyo ni lazima ikumbukwe kwamba orodha hizo ziliandikwa kwa sababu mgeni aliomba.

Vita vya pili vya dunia vilileta muulizaji mwingine. Mwaka 1942 William Beveridge alitunga mpango wa kugawa kuni za nyumbani za kila aina, yaani makaa, gesi na umeme, kwa kuangalia idadi ya vyumba, idadi ya watu, na upande wa nchi ambako nyumba ipo. Hugh Dalton aliupeleka mbele, wabunge wengi wakaupinga, ukawekwa kando. Badala yake wateja waliandikishwa kwa wachuuzi wao, na wachuuzi wakawekewa mpaka. Katika miaka iliyofuata vita mpaka huo ulikuwa handredweti 34 kwa mwaka kwa nyumba ya kusini na 50 kwa nyumba ya kaskazini, yaani kilo 1,700 na zaidi, na kilo 2,500 na zaidi.

Tarakimu hizi mbili zimenakiliwa mara nyingi kana kwamba ndizo zilizowashwa. Sivyo. Zilikuwa upeo wa kile alichoruhusiwa mchuuzi kumpelekea mtu, wala si ahadi kwamba kitapelekwa. Katika baridi ya mwaka 1947, theluji ilipofunga reli kuanzia mwisho wa Januari, makaa yalilala machimboni, na nyumba zilizokuwa na haki ya handredweti 34 zilikaa bila moto. Upande wa pili, familia za wachimbaji zilipata makaa ya bure au ya bei ndogo kutoka machimboni kuwa sehemu ya ujira, na hayo hayakupita katika daftari la mchuuzi. Kwa hiyo tarakimu hiyo moja huzidisha huku na kupunguza kule.

Tena yako makaa yaliyokuwa nje ya mpaka kwa amri. Tarehe 1 Desemba 1952 vumbi la makaa lenye mapande madogo, ambalo ni duni na lenye moshi mwingi, liliruhusiwa kuuzwa bila kipimo. Siku nne baadaye ukungu mzito ulioshikana na moshi uliifunika London tangu tarehe 5 hata 9. Watu kiasi cha 4,000 walihesabiwa kuwa wamekufa kwa sababu yake, na makisio ya baadaye yamefika 12,000. Haitakuwa haki kuwalaumu walionunua vumbi lile peke yao, maana vinu vya umeme na viwanda navyo vilitoa moshi, na meko zilikuwa zikiwaka kabla ya siku hiyo. Lakini baada ya hapo swali la serikali likageuka. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 haikuuliza nyumba inawasha kiasi gani. Iliuliza inawasha nini. Kipimo cha makaa kikaondolewa mwaka 1958, na kwa kufutwa kwake wachuuzi hawakulazimika tena kumwandika kila mteja.

Kuanzia mwaka 1967 gesi ya Bahari ya Kaskazini ikaanza kuingia nyumbani, ikifuatana na mita ihesabuyo usiku na mchana bila kuombwa, kwa tajiri na maskini. Mwezi wa Mei 2023 uuzaji wa makaa ya mawe ya kawaida kwa moto wa nyumbani ulikomeshwa kabisa katika Uingereza. Katika mitaa mingi ya London mifuniko ya chuma ya mviringo ingali njiani, kila mmoja juu ya tundu ambalo magunia yalimwagiwa. Nayo ipo mbele ya nyumba zilizokuwa na ghala.